Kabla Bi Zuhura Hajaenda Mombasa

Jumamosi, 8 Novemba
Asubuhi nzima nanakili faili. Kupamba kwa Mayasa, sherehe ya wanawake ya kumtazama bibi harusi, kumekwisha salama. Simu za wageni zilizuiwa mlangoni, kamera yangu peke yake ndiyo iliyoingia. Ndiyo kazi yangu hapa Malindi: shughuli za wanawake, zisizofaa kuonwa na mwanamume. Flashi moja bibi harusi ameondoka nayo kwenda Maskati kwa mumewe. Ya pili ni ya nyanya yake, Bi Zuhura, aliyemlea tangu mdogo. Maradhi ya moyo yalimzuia kuja.

Jumapili, 9 Novemba
Nimekwenda Mambrui kwa Bi Zuhura na flashi yake. Shikamoo, chai, mahamri, kisha aibu. Runinga yake imeandika kwamba faili haijulikani. Nimechomeka, nimechomoa, nimepuliza. Wapi! Kamera ni mpya, runinga ya zamani. Hata laptopu yangu kuukuu inaikwamisha, picha inaruka kama kiroboto. Bi Zuhura hakulalamika, na hilo ndilo lililonichoma. Ijumaa anapasuliwa Mombasa.
"Nataka nimuone kabla," alisema.
Sikumuuliza kabla ya nini.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimekuta tovuti: lete faili yako, tunaigeuza bure. Kidole kilikuwa tayari. Kisha nikajiuliza inakwenda wapi. Kwenye mashine ya nani? Mayasa kichwa wazi, hina mpaka mabegani, shangazi zake wanacheza chakacha. Nimeifunga tovuti.
Nimezunguka nyumba. Nimefua mapazia yaliyokuwa safi.

Jumanne, 11 Novemba
Kwa Katana, fundi wa kompyuta karibu na soko. Kijana wa Kaloleni, mpole.
"Niachie flashi, dada. Jioni iko tayari."
Nikamwambia ni ya kupamba. Akaurudisha mkono haraka.
Kwa hiyo nimerudi nyumbani, nimemrekodi paka wangu kwa kamera ileile, nikampelekea Katana video ya paka. Amenifundisha kwa huyo: pakia programu hii, chagua MP4, punguza ukubwa wa picha, bonyeza, ngoja. Wateja wamecheka. Wacheke.

Jumatano, 12 Novemba
Laptopu inahema kama ina pumu. Nilikaa nayo, nikaondoka, nikarudi. Ilipofika zaidi ya nusu, stima ikapotea. Betri yake ilikufa zamani. Nilitukana, Mungu anisamehe.
Stima imerudi adhuhuri. Nimeanza upya. Alasiri faili imekamilika, nimejaribu kwenye runinga ya jirani: picha ipo, sauti hakuna.
Nilifikiri nimpelekee hivyohivyo, mgonjwa atajua nini. Nikajichukia kwa wazo hilo. Nimempigia Katana.
"Sauti umeiacha vile ilivyotoka kwenye kamera, dada. Nayo igeuze."
Nimeanza tena. Siwezi kula.

Alhamisi, 13 Novemba
Imefunguka kwa Bi Zuhura, saa chache kabla ya safari yake! Picha, sauti, yote.
Wajukuu wa kiume wametolewa nje, mlango umefungwa, tumebaki wawili. Alipotokea Mayasa kwenye kiti chake, Bi Zuhura alikunja uso. "Huyu nani? Mbona wamempaka chaki?" Kisha Mayasa akacheka, na nyanya yake akaweka mkono kifuani.
Ilipokwisha akasema, "Sasa futa."
Nilidhani sikusikia vizuri.
"Vijana wa humu wanashinda na runinga hii. Mimi nisipokuwepo nani atailinda? Nimeshamuona mwanangu. Futa."
Wiki yangu nzima! Nilitaka kubishana. Nilitaka kumwambia nitamfichia, nitampa atakaporudi. Lakini alikuwa ananitazama, naye si mtu wa kudanganywa. Nimefuta mbele yake. Nakala iliyobaki kwenye laptopu nayo nimefuta. Imeniuma, siwezi kusema haikuniuma.
Alinishika mkono mpaka bodaboda yangu ilipofika.

Ijumaa, 14 Novemba
Ameingia chumba cha upasuaji saa nne. Sasa ni alasiri na hakuna habari. Nimefagia ua.
Mayasa amepiga simu kutoka Maskati. Nimemwambia nyanya yake alimuona. Akataka nimweleze tena, nikamweleza tena: alikaa wapi, mkono aliuweka wapi. Akapiga mara ya pili kuuliza hayohayo.
Mara ya tatu hakuuliza kitu. Tumekaa tukingoja habari za Mombasa, kila mmoja na simu yake sikioni.