Pama Yako Imebaki kwa Mtani

Mikumi, nyumba ya wageni ya barabarani,
Jumapili, baada ya chai

Dada yangu Milembe,

Shikamoo. Mwangaluka. Barua hii ikukute umekaa, umeshiba, na meno yaliyobaki yamebaki. Mimi mzima, ila goti la kushoto linatabiri mvua na kila siku linakosea. Na wewe mkwe unayemsomea, marahaba, najua umeniamkia kimoyomoyo. Usiruke mstari hata ukiona nimekusema, maana huko mbele nimekusema.

Utauliza barua ya nini siku hizi. Simu yangu ilitumbukia chooni, dada. Si choo cha wageni cha kuvuta maji, ni kile chetu walinzi, cha shimo. Niliinama kufunga mkanda, ikateleza kutoka mfuko wa shati, nikaisikia ikifika. Namba yako imo humo humo. Lakini namba ni jambo dogo. Ndani ya simu ile kulikuwa na jicho lako.

Unamkumbuka yule mtamba mwekundu uliyenipa siku naondoka Magu, ukasema nisifike ugenini mikono mitupu? Alizaa, na waliozaliwa wakazaa. Wengine waliondoka na kiangazi, wawili na simba wa hifadhini, na mmoja nusura anipeleke jela kwa kuingia mahindi ya watu kule Kilosa. Akabaki dume mmoja. Nilipopata habari kwamba mtoto wa jicho amekuziba jicho moja na la pili linafuata, nilimuuza, nikasema fedha hizi ni za dada. Hazikufikia gharama za kupasuliwa. Na fedha mkononi mwangu unazijua, zina miguu.

Basi dereva mmoja wa malori ya Tunduma, ambaye hulala hapa akipita, akanionyesha bitkoini. Ni fedha isiyo noti wala sarafu, imo mtandaoni tu, na bei yake hupanda na kushuka kama vitunguu vya Lumuma. Nikainunua kwa fedha ya dume. Nilipenda jambo moja: ng'ombe huyu haingii shambani kwa mtu.

Kuna mwalimu mstaafu huja hapa kusoma gazeti bila kununua hata chai. Aliposikia, alinisimanga mwezi mzima. Kitu usichoweza kukishika si mali, alisema, huo ni upatu uliovaa suti. Nikamwambia ng'ombe wangu niliwashika, na simba naye aliwashika. Lakini alisema pia nisiweke zote mahali pamoja, na hapo alikuwa sahihi. Niliweka zote. Nakiri kwa sababu fimbo yako haifiki Mikumi. Bei iliposhuka nilikonda hadi mkanda ukaongezwa tundu, na sikukuambia. Ilipopanda tena nilimnunulia mwalimu chai, akainywa bila kunitazama.

Dereva alinifunza ulinzi. Zizi la fedha hiyo hufunguliwa kwa maneno kumi na mawili ya Kizungu, hayana kichwa wala miguu. Simu ikipotea, unayaandika kwenye simu nyingine, mali inarudi. Akiyapata mwizi, mali ni yake na hakuna polisi wa kumlilia. Usiyapige picha, usimtajie mtu, andika kwenye karatasi na uiweke mahali pasipokuacha. Siku moja alinipigia simu mtu mwenye sauti ya ofisini, akayataka ati ayahakiki. Nikamtajia majina ya ng'ombe wangu kumi na wawili waliokufa. Aliandika yote, akanishukuru.

Sasa mahali pasipoiacha ngozi yangu ni wapi? Ni ile pama, kofia yangu ya ukingo mpana uliyoninunulia mnadani. Nimeivaa mvua na jua. Nikaishonea karatasi ndani, chini ya utepe wa jasho, nikajiona nina akili kuliko benki.

Kisha akafa mzee mwenzetu Msukuma aliyekuwa Magomeni, Kilosa mjini. Nikaenda kuzika. Wasagara ni watani wetu, na hilo la mtani nililisahau mimi mzee mzima. Yuko Bi Tausi, Msagara muuza vitumbua, mdomo wake ungeweza kusaga mtama. Tulipofika makaburini alijilaza kando ya shimo, akasema Msukuma hazikwi hadi watu watoe kitu. Watu wakatoa. Halafu akaja kwangu, akaninyang'anya pama kichwani, akaivaa, akaanza kuchechemea akiiga goti langu. Wafiwa walicheka na machozi yao usoni. Mimi nicheke au nilie? Mtani akichukua kitu msibani hukasiriki, unakikomboa. Na ningekimbilia kukomboa pama iliyochakaa, watu wangejua ina kitu. Nikacheka, nikapanda gari kurudi Mikumi, nikijituliza kwamba simu ninayo.

Siku tatu baadaye ndipo simu ikaingia shimoni.

Dada, usiku ule sikulala. Nilikuona umeketi mlangoni unauliza nani anapita. Kulipokucha nikaomba ruhusa, nikaenda Magomeni. Pama ilikuwa kwenye kamba, imefuliwa, inachuruzika maji.

Bi Tausi akanitazama akageuza kitumbua. "Umefuata uchawi wako, Msukuma?"

Kumbe alipotaka kuifua aliona uzi wa rangi nyingine, akafumua, akakuta karatasi imekunjwa. Akajua ni hirizi. Wasukuma kwa dawa mna sifa, akasema. Hakuthubutu kuikunjua, hakuthubutu kuichoma. Aliitia kwenye kopo la chumvi, maana chumvi humaliza makali. Hakuna jicho lililoisoma, na kopo liliilinda na maji.

Ningeweza kusema ndiyo, ni hirizi, nikalipa kuku nikaondoka. Ulimi uliobeba uongo miaka yote hii siku ile ulilemewa. Nikamwambia yote, dume, bitkoini, choo. Kwenye choo alicheka hadi mafuta yakaungua. Nilipofika kwenye jicho lako akaacha kucheka. Akaleta kopo.

"Karatasi au pama," akasema. "Chagua kimoja, mtani. Msukuma haondoki kwangu na vyote."

"Pama alininunulia huyo huyo dada."

"Basi aje aichukue mwenyewe, akishaona njia. Simpi mwingine."

Hakutaka kuku, hakutaka senti. Alinifungia vitumbua vya njiani. Nikapata simu kuukuu, nikajifungia, nikayaandika maneno moja moja kwa kidole hiki kizito, na mali ikatokea ilivyokuwa, kama ng'ombe wanaorudi wenyewe jioni. Nikauza yote. Mwalimu ndiye aliyenisindikiza kuchukua fedha, na njia nzima hakunisimanga hata mara moja. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Anayekuletea barua ni Shija, yule mfanyabiashara wa ng'ombe tuliyekua naye. Amebeba gharama yote ya jicho na nauli zenu za hospitali. Usimpe mkwe azitunze, anapenda vitenge. Nilikuahidi, mkwe. Lakini nakushukuru pia, najua ni wewe unayemshika mkono kwenda kisimani.

Nisalimie kaka mkubwa mwenye ukoo, mwambie bado namwogopa kidogo. Nisalimie mama wa jirani anayekuletea maziwa, na katekista wetu, aniombee lakini kwa ufupi.

Wabeja sana, nakushukuru, dada. Mtamba wako ametembea miaka mingi hadi kukurudia. Wakikufungua bandeji, pumzika, kisha panda basi uje. Nitakupokea stendi. Utatafuta mtu mwenye pama na hutamwona. Tafuta upara. Sikuwahi kukuambia kuhusu upara.

Mdogo wako,
Masunga