Maziwa Yako na Jicho ya Mama

Masisi, siku ya posho, kesho ni ya Mungu

Mudogo wangu Noëlla,

Nakusalimia sana, wewe na bwana yako Élie, na ule mutoto Naomie mwenye mashavu. Analala sasa, ao angali anawakesha? Sisi huku tuko muzima, Mungu anatuchunga, na maharagi imetoka muzuri. Rezo ya simu haifike kwenu Ntoto, njo maana Papa Kabera anakuletea hii barua na pikipiki yake. Iweke kwanza, nyonyesha mutoto, halafu usome pole pole.

Nilisikia unasema hautakanyaga tena kwetu. Sikulaumu hata kidogo. Ulikuja kuzaa mutoto wako wa kwanza kwa mama yako, kama sisi wote, na ukarudia kwako ukilia. Jicho ya Mama ilipokuwa nyekundu, ni yeye mwenyewe alikuomba umutonyeshee maziwa ya kifua, sawa vile bibi zetu walifanya. Ilipoanza kuona ukungu, shangazi Muhawenimana akasimama inje mu lupango ya nyumba akatangazia majirani kama maziwa yako ni mubaya, imeua jicho ya mama yako. Ule shangazi, aka! Kinywa yake haina mulango.

Ulipoondoka, homa ikashika Mama, anatetemeka mupaka kitanda inalia. Tukamupeleka hospitali ya Goma, mimi na shangazi. Munganga akauliza kama alikuwa na kidonda ao jipu mahali fulani. Mama akaapa kwa Mungu kama hana kitu. Kisha infirmière akaleta sindano, akamwambia alale kifudifudi, akamufunua, akapiga kelele. Jipu, Noëlla! Kwa matako, kubwa, imejaa usaha. Aliificha tangu wakati wa kupanda, kanisani anakalia upande moja, na sisi tunafikiri ni maringo! Nilicheka mupaka nikatolewa inje, na kule inje nikalia.

Munganga alitueleza muzuri. Alisema mikrobe ya ile jipu iliingia mu damu, ikatembea nayo mupaka mu jicho. Ndani ya jicho kuko ukuta mwembamba sana, inatenganisha damu na ile ngozi ya nyuma yenye kuona. Siku zote inazuia uchafu, sawa kitambaa tunachuja nayo pombe ya kasiksi. Lakini mikrobe ikizidi, inapenya, na nguvu ya mwili inaifuata kupigana nayo mule ndani. Ile vita njo inavimbisha jicho na kuiharibu. Shangazi akauliza palepale juu ya maziwa. Munganga akajibu kama maziwa siyo dawa ya jicho, tusiweke tena, lakini ugonjwa ya Mama haikutoka kwa maziwa, ilitoka ndani. Shangazi akamuomba arudilie. Akarudilia. Basi ule shangazi akafunga kinywa mupaka tunarudi nyumbani, jambo sijaona tangu nizaliwe.

Sasa nifike pale ninaogopa kufika. Jipu ilipasuliwa, dawa ikasafisha damu, Mama akapona. Lakini kwa jicho tulikuwa tumechelewa. Waliitoa, mudogo wangu. Pole sana. Sikutaka usikie kwa watu wa soko. Ile ingine inaona muzuri, na kuku zingali zinagombezwa kama zamani.

Na siku ya Mungu iliyopita, saa ya ushuhuda, Mama alisimama mbele ya kanisa nzima na kitambaa kwa uso. Ule mama aliyeona haya hata mbele ya munganga! Akasema jipu ilikuwa wapi, akaonyesha na mukono, na pasta akaangalia chini. Akasema njo ile ilikula jicho yake, na muntu asitaje tena maziwa ya binti yake. Akaongeza kama hajajua bado Naomie, vile anakomaa, anafanana na nani, na iko anangoja umulete.

Salimia Élie na wakwe zako wote. Mubusu mutoto.

Ni mimi dada yako mukubwa,
Généreuse