Shangazi wa Darasa la Lifti

3 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na kile kikohozi? Mimi ni mzima, ila mikono imejaa grisi ambayo hata sabuni haifui dafu mbele yake. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunisikii. Nikikuuliza umekula nini, unajibu "ndiyo, ndiyo."

Nina habari, na naomba ukae kwanza. Lile duka la simu nimeliacha. Najua, Baba. Niliacha uuguzi, nikaacha ususi, na sasa duka. Mdogo wangu ana mke, watoto wawili na meza yake benki, na mimi nina miaka ishirini na saba, narudi tena kwenye moja. Lakini nisikilize. Najifunza ufundi wa lifti! Siku ile lifti ya jengo la duka letu ilipoharibika, alikuja mama mmoja na sanduku la vifaa, akafungua mlango, nikaona kilichoko nyuma yake. Kumbe ni kisima kinachokwenda juu. Nilisimama pale na mdomo wazi mpaka bosi akaja kunivuta mkono.

Darasani wenzangu wana miaka kumi na tisa, ishirini. Wananiita Shangazi. Siku ya kwanza mmoja alinipisha kiti cha mbele akidhani mimi ndiye mwalimu. Nilicheka pamoja nao, kisha nikaenda chooni nikalia kidogo. Mdogo wangu usimwambie bado.

Mwanao

14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, kikohozi kimehama. Nilikaa kama ulivyoniambia, nikasoma, nikasimama, nikakaa tena.

Sitakuficha, nilikasirika. Nilisema, huyu mtoto atamaliza kitu lini? Halafu nikatoka koridoni kupunga upepo, macho yakaangukia lifti yetu. Unajua imekufa tangu mwaka juzi, na tangu hapo mimi na ghorofa ya sita tumefungishwa ndoa. Nikajikuta nauliza maswali peke yangu kama kichaa. Kamba ikikatika inakuwaje? Lifti inajuaje kwamba imefika? Na ukibonyeza kitufe mara nyingi, inakuja haraka zaidi? Mama mshonaji wa ghorofa ya tatu, huyu anayenipandishia mboga, anaapa kwamba inakuja haraka. Tumebishana hadi mboga zikanyauka. Uliza, utuamulie.

Baba yako

1 Machi

Baba,

Shikamoo, na msalimie mama mshonaji. Mwambie nampa pole, kitufe kinasikia mara ya kwanza tu, zinazobaki ni hasira zake mwenyewe.

Maswali yako niliyapeleka kwa Fundi Mkuu. Ndiye yule mama wa sanduku, na sasa ndiye anayetufundisha. Nilipouliza, wenzangu waliinamisha vichwa wakijua nitachekwa. Hakunicheka. Akawageukia wao: haya, nani anajua? Kumbe nao walikuwa hawajui, walikuwa wanaogopa tu kuonekana hawajui. Mimi nimeshaonekana sijui siku nyingi, sina tena cha kuficha. Sasa wananitumia mimi. "Shangazi, tuulizie."

Jibu ni hili. Kamba si moja, ni kadhaa. Na hata zote zikikatika, chini ya chumba cha lifti kuna kabari za chuma. Chumba kikishuka kwa kasi kupita kiasi, kabari zinabana reli zinazokiongoza kwa nguvu na chumba kinasimama hapo hapo. Fundi Mkuu alinipa niishike moja. Ni kitu kidogo, Baba, kinaenea kiganjani, na kinaweza kukaa miaka na miaka bila kuitwa kazini. Nimekuwa naifikiria wiki nzima. Uuguzi niliupenda kwa ajili ya sare, na ususi kwa ajili ya umbea. Hiki nakipenda chenyewe. Kuna siku inafika jioni ndipo nakumbuka kuonea aibu umri wangu.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba, mama. Huku wazima wote. Mshonaji amekubali kushindwa ila bado anabonyeza hewani, mazoea.

Nina jambo, na wewe sasa ndiye ukae. Juzi Mwenyekiti wa jengo alipita kuulizia hali yangu. Katika maongezi nikamwambia binti yangu ni fundi wa lifti. Nilitaka kusema "anajifunza," lakini neno lenyewe liligoma kutoka. Miaka yote watu wananiuliza habari zako nami nabadilisha mazungumzo. Safari hii nilikuwa na la kujibu, utamu ukanizidi. Sasa jengo zima linajua, na wanaomba uje uitazame lifti yetu.

Usinikasirikie. Kusema kweli hata mimi ninaomba. Nimechoka kukatwa nywele sebuleni na kinyozi anayenisimulia mtaa kama mtu anayemsomea mgonjwa gazeti. Nataka nishuke niende kwake kwa miguu yangu, nikae foleni, nibishane na watu.

Baba yako

28 Machi

Baba,

Shikamoo. Umeniponza! Usiku nilipopata barua yako sikulala vizuri, nikawa nacheka na kuogopa kwa pamoja.

Nimemweleza Fundi Mkuu ukweli wote. Amesema mwanafunzi harekebishi lifti ya watu, lakini kuangalia hakukatazwi. Atanipa mwenzangu mmoja wa kusimama kwenye swichi, umeme uzimwe kabisa, niangalie kisha nimwambie nilichokiona. Tutakuja Jumapili. Tafadhali, usiandae hotuba.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nimekutangulia kusalimu kwa sababu uliondoka bila kuaga. Chai yako ilipoa mezani. Nadhani ulikuwa na haraka ya basi.

Mwenyekiti anasema alipata barua kutoka kwa Fundi Mkuu wenu. Hakunionyesha. Niandikie.

Baba yako

30 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Goti halijambo. Nimewaza swali jipya: kwa nini kwenye lifti watu wote hutazama juu, hakuna anayemtazama mwenziwe? Nilidhani labda swali litakuleta.

Mshonaji ananiuliza habari zako, nami nabadilisha mazungumzo.

Baba yako

17 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Sikuwa na haraka ya basi.

Acha nikueleze nilichokiona, kwa sababu siku ile hakuna aliyeniacha nimalize. Nilishuka shimoni, chini ya chumba cha lifti. Kuna mtu aliwahi kupaka reli rangi ili zisishike kutu, akapaka kila kilichokuwa mbele yake, na kabari nazo akazipaka. Rangi imekauka ikazigandisha. Nilizisukuma kwa mkono, hazikutikisika. Ndiyo maana nilipopanda huko kwako ghorofa ya sita nilimwambia Mwenyekiti mbele ya watu: lifti hii isiwashwe mpaka kabari zifunguliwe, zisafishwe na kupimwa. Yeye akasema ana fundi wake, na fundi huyo amesema tatizo ni mota tu. Halafu akaniuliza, "Kwani wewe ulimaliza lini?"

Watu wote wakakugeukia wewe. Nami nikakugeukia. Ukasema, "Bado anajifunza. Huyu huanza tu."

Baba, hukudanganya, na hapo ndipo panapouma. Ungenitukana ningesahau kabla ya kufika stendi. Nimeanza mengi na kuyaacha, na kila mahali nilipofika nilikuta wenzangu wameshatangulia. Nimezoea kuwa wa mwisho kujua. Lakini siku ile, katika ngazi zile zilizojaa watu, mimi ndiye niliyekuwa najua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, na wewe ulikuwepo.

Fundi Mkuu alikuja kuniangalia kwa siri, unajua? Alinikuta stendi, nimekaa na sanduku la vifaa magotini. Akaniuliza kama nina hakika na nilichokiona. Nikasema ndiyo. Akasema basi, akamwandikia Mwenyekiti siku hiyo hiyo. Hakuniuliza nina miaka mingapi.

Umeniuliza maswali mengi na yote nimekujibu. Sasa nina langu moja. Waache Mwenyekiti na fundi wake. Wewe unaamini nini?

Mwanao

6 Juni

Mwanangu,

Marahaba, mara nyingi kadiri unavyotaka. Samahani kwa mwandiko, naandikia mapajani. Barua hii anakuletea mshonaji mwenyewe kwa mkono, kwa hiyo mpe maji na usimruhusu akusimulie kabla hujasoma, maana ataongeza chumvi.

Barua yako niliikunja nikaiweka chini ya mto, na kila nikitaka kujibu naona haya. Niliwaza, nitamjibu nikishapata maneno. Maneno hayakuja. Ilikuja lifti.

Yule fundi wao amefika leo asubuhi, akafunga mota mpya, nayo ikalia ngriii, ikaanza kupanda. Jengo zima lilipiga makofi. Mwenyekiti ndiye aliyepanda wa kwanza. Mlango ukafunguka hapa kwangu, akanyoosha mkono: "Mzee, karibu, kinyozi anakusubiri!" Mwanangu, nilikuwa nimeshavaa viatu vya ngozi. Nilikuwa nimejipaka mafuta. Mguu mmoja ulishanyanyuka.

Nikaushusha. Nikamwita yule fundi, aliyekuwa anakusanya vifaa koridoni, nikamuuliza, "Kabari umezifungua?"

Akaniambia, "Kabari gani, mzee?"

Basi nikamtoa Mwenyekiti mle ndani kwa adabu zote nilizonazo, nikaleta kigoda cha jikoni, nikakiweka katikati ya mlango. Mlango unakuja kujifunga, unagonga kigoda, unarudi. Unakuja tena, unagonga, unarudi. Mlango usipojifunga lifti haiendi popote, hilo nimeligundua leo bila mwalimu. Usiogope, mimi mwenyewe nimekaa huku koridoni, mbali na kizingiti, kwenye kiti changu.

Huko chini wanapiga kelele. Wa ghorofa ya pili ameniita mzee mkorofi. Wa ghorofa ya tano amekuja kunigombeza, nikamweleza habari za kabari kama ulivyonieleza, zinavyobana reli na kwa nini rangi inaziua. Akasikiliza mpaka mwisho, akashuka kwa ngazi.

Nilichokisema siku ile kilikuwa kibaya, nami nilikisema kwa sababu niliona aibu mbele ya watu. Nisamehe, mwanangu. Uliniuliza naamini nini. Nimekaa hapa tangu asubuhi, mgongo unauma, na viatu bado nimevaa.

Mjulishe Fundi Mkuu, mje wote wawili. Mwenyekiti amepanda sasa hivi kwa miguu, fundi wake nyuma yake, anahema, ananiuliza nitakaa hapa mpaka lini. Nimemwambia mpaka fundi afike. Akasema, "Mzee, fundi si huyu hapa?"

Nikamwambia, huyo ni wenu. Mimi namngoja wangu.

Baba yako