Kosa Langu Nimelikuta kwa Shemeji

Mshauri wangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi nisaidie vilevile, maana usingizi umenihama.

Mimi ni mwanafizikia wa nadharia, kazi yangu miaka yote ni mashimo meusi na mvutano, yaani nakaa na karatasi na chaki nikitafuta shimo lililomeza lenzake linatetemeka vipi kabla halijatulia, na usinicheke, majirani wamenicheka vya kutosha. Nafanya kazi na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, tunaishi naye nyumba moja, na utaratibu wetu ni kwamba hesabu ndefu kila mtu anaipiga peke yake bila kuchungulia ya mwenzake, halafu siku ya kulinganisha tunasimama ubaoni, yeye mwisho huu mimi mwisho ule, tunaandika majibu bila kutazamana, yakifanana tunajua tumepatia. Yalifanana, mshauri, mpaka shemeji akaninyanyua juu kama mtoto, tukatuma andiko kwenye jarida, nami nikamwandikia barua ya kumpendekeza kwa ajira ya kudumu chuoni nikisema wazi kwamba kila mmoja alipiga hesabu kivyake.

Wiki iliyopita napitia karatasi zangu ili nifundishe wanafunzi, nikakuta nilipohamia ukurasa mwingine mwandiko wangu mbaya ulinidanganya, nane nikaisoma tatu, basi jibu lote ni bovu. Kukosea ni kawaida, lakini yeye ile tatu yangu aliipata wapi? Nane iliyoandikwa ovyo iko kwenye karatasi zangu tu, na karatasi zangu nazifungia kwenye droo nyumbani, ufunguo mmoja ninao mimi na mwingine anao mke wangu kwa sababu ya vyeti vya watoto. Nilipomgusia mke wangu kwamba huenda kazi yetu ina kasoro, hakuuliza kasoro gani, aliweka sahani chini akasema, "Baba watoto, usaili wa mdogo wangu ni mwisho wa mwezi. Ukimwangusha yeye, umeniangusha na mimi." Huyu ndiye aliyemlea shemeji wazazi wao walipofariki. Nikisema nabomoa nyumba, nikinyamaza wenzangu watajenga juu ya jibu bovu lenye jina langu, na nikimsikia tu shemeji akipiga mluzi bafuni natoka nje ya nyumba. Nifanyeje?

Mimi, Mpiga Hesabu

*

Mpiga Hesabu, pole, na pole hiyo uipokee haraka kwa sababu sasa nakugombeza. Mashimo yako siyajui, ila kusoma najua. Barua nzima unamsema shemeji, na ile tatu ni ya nani? Yako. Hata shemeji angekuwa malaika, andiko lenu ni bovu na umelijua hilo wiki nzima. Kuliondoa hakuhitaji ruhusa yake wala ya mkeo. Waandikie wahariri leo, kabla hujala, useme ulikosea kunakili.

Kisha mkalishe shemeji, ninyi wawili tu, mwonyeshe ile nane, halafu funga mdomo. Usitaje wizi, akiiona ataelewa. Mpe siku chache awaambie watu wa usaili kwa kinywa chake. Akikataa, ile barua ya kumpendekeza ina sentensi uliyoiandika wewe, na sasa unajua si kweli, kwa hiyo iondoe. Atakununia, pengine atakosa kazi. Lakini akiipata hivi, ataogopa kila ubao maisha yake yote.

Sasa lile uliloliandika halafu ukaliruka. Droo ina funguo mbili. Mkeo hakuuliza kasoro gani. Wewe mtu wa hesabu, hukujumlisha? Ulijumlisha, ndiyo maana mluzi wa bafuni unakutoa nje. Unaogopa kusikia kwamba mkeo ndiye aliyefungua.

Muulize. Ila muulize baada ya kuwaandikia wahariri, maana ukishasikia jibu lake utatafuta sababu ya kunyamaza. Na akikubali, usipige kelele. Alimwona mtoto aliyemlea anazama, akamrushia kamba iliyokuwa karibu. Mwambie tu kwamba kamba ilikuwa mbovu, na aliyeisokota ni wewe.