Waliokuja Kuifariji Santuri

Makambako

Mjukuu wangu Tumaini,

Kamwene. Sisi wazima, ila baridi inatutafuna. Babu yako anakusalimu. Umeuliza nani alinifundisha kupenda bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi.

Wakati wa Mwingereza nilikuwa msichana wa kwaya kule Njombe. Mwalimu wetu alipohama alinizawadia sahani moja ya santuri, nikaipiga kwenye gramafoni ya baba. Mwanamume na gitaa lake, anaimba Kiingereza kwa sauti iliyonisisimua mwili mzima. Mama hakujua Kiingereza. Aliacha kupepeta, akasema, "Huyu amefiwa."

Nikairudia mara tatu, mlango wazi. Ghafla majirani wakaingia na kuni na unga, kama ilivyo desturi yetu ukisikia kilio.

"Poleni. Nani ametutoka?"

Kwa aibu nikawaonyesha sahani ikizunguka, nikingoja wacheke. Mzee mmoja akavua kofia, akaketi.

"Basi tumsikilize mpaka amalize."

Unga hawakurudi nao.

Tangu siku hiyo siachi bluzi. Yule bwana alifika kwetu hamjui mtu, na Wabena wakaja kumfariji kama wa kwao. Hao ndio watu unaotoka kwao, mjukuu wangu.

Bibi yako