Mdogo Wake Yasmini

Bagamoyo, Mfunguo Mosi 1983

Baba Yasmini,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, ila naandika kwa haraka. Idi imepita bila sukari wala kanga mpya, maduka matupu. Yule mdoli uliyetutumia kwa siri kutoka Mombasa, anayelia akilazwa, amewatia wazimu watoto wa mtaa mzima. Yasmini anamwita mdogo wake.

Jana mgambo walianza kupekua nyumba wakisaka bidhaa za magendo. Nikaingiwa na hofu. Nikamviringisha mdoli kwenye bafta, kitambaa cheupe cha sanda, ndicho pekee kilichobaki ndani, nikamzika uani. Nilipomlaza shimoni akalia, nami nikamfukia vivyo hivyo.

Kumbe Bi Ashatu, jirani yetu, alikuwa akichungulia. Ameona sanda, amesikia kilio. Leo mtaa mzima unasema nimezaa haramu, maana wewe una mwaka baharini, na kwamba nimemzika mtoto angali hai.

Nikisema ni mdoli, tutafungwa sote wawili. Nikinyamaza, watafukua.

Mgambo wanabisha hodi. Yasmini kaniwahi mlangoni. Namsikia akiwaambia kwa kwikwi, "Mama kamzika mdogo wangu."

Mkeo,
Zaina