Mchi wa Pili

Kyuso

Mwende mjukuu wangu,

Huku tuko salama. Ndengu tumezianika uani. Babu yako anafukuza kuku, na kuku wanarudi.

Unasema nyumba hiyo ya kisiwani ni nzuri na bahari iko mlangoni, lakini kila mpangaji mwenzako yuko na kompyuta yake, na mkikutana jikoni mnatikisiana vichwa tu. Unaniuliza kama ufunge mizigo.

Nikiwa msichana nilifanya kibarua kwenye mashamba ya kule Kiboko. Tulilala wengi nyumba moja, kila mmoja na sufuria yake. Kinu kilikuwa changu na michi yake miwili, nami nilitwanga mahindi ya muthokoi peke yangu, nikijivunia kutoomba mtu. Asubuhi moja ya Jumapili Wanjiru, msichana wa Nyeri ambaye sikuwa nimesemezana naye, akachukua mchi wa pili bila kuniuliza. Hakujua kwamba wawili hupokezana, kwa hivyo michi ikagongana na mahindi yakamwagika.

"Ngoja wangu upande ndipo wako ushuke," nikamwambia kwa hasira.

Akangoja. Tukatwanga hivyo mpaka maganda yakatoka. Jioni tulikula sufuria moja, na wenzetu wakaja na vijiko vyao.

Nimekutumia muthokoi na maharagwe kwa basi. Usialike mtu. Bandika asubuhi mkianza kazi, maana huchemka nusu siku. Atakayekuja kufunua sufuria, mpe mwiko akoroge.

Huyo sasa muulize jina.

Ni mimi susu wako.